Bomba Linalokohoa

Kengele iliyopigwa siku tulipomzika kaka yangu Piusi ilikuwa bomba la moshi la pikipiki yake mwenyewe. Lilining'inia kwenye tawi la mgrevilia nje ya kigango chetu, na katekista Josephati alilipiga kwa boliti la trekta kama alivyolipiga kila Jumapili. Watu wengi hawakulifikiria hilo. Mimi nilisimama pale na leso mkononi, nikisikiliza, nikawaza kwamba sauti ile naijua, ila zamani ilikuwa sauti inayotembea.

Naandika ili nisisahau jinsi bomba lile lilivyofika kwenye mti na jinsi lilivyotoka.

Pikipiki ilikuwa BSA ya mwaka 1951. Iliachwa na msimamizi wa shamba moja la kahawa upande wa Oldeani, mwaka ule mashamba yalipotaifishwa, na Piusi aliikuta bandani kuku wametagia kwenye kiti. Injini ilikuwa nzima. Ekzosi ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukiigusa inabaki mkononi. Spea hazikuwepo Karatu, wala Arusha, na nadhani hazikuwepo nchi nzima. Kwa hiyo Piusi alikwenda kwa Ismaili, fundi aliyetoka Singida kuja kufanya kazi shambani na akabaki hata shamba lilipokufa. Walikata bomba kwenye mashine mbovu ya kumenya kahawa. Wakalijaza mchanga mkavu, wakaziba ncha zote mbili, wakalipasha moto na kulikunja polepole, maana bomba tupu ukilikunja linajipinda kama shingo ya kuku. Ncha ya nyuma waliipanua kwa nyundo mpaka ikafanana na mdomo wa tarumbeta. Ndani hawakuweka kitu chochote cha kupunguza mlio.

"Umempa koo," Ismaili alisema, "bado kumfundisha adabu."

Adabu hakufundishwa. Mlio wake ulikuwa mzito, na Piusi alipoachia mafuta ghafla bomba lilikohoa, kuh, kuh, kama mzee mwenye kifua. Sokoni walimtania kwamba amempakia mgonjwa. Lilikuwa upande wa kulia, karibu na mguu, na lilimwachia Piusi kovu la moto kwenye shavu la mguu, jeusi, refu kama kidole. Alipenda kulionyesha. "Hii ni leseni yangu," alikuwa akisema.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikapata kazi ya uuguzi msaidizi katika zahanati ya Karatu. Piusi alipewa kazi ya kupeleka chanjo Endulen, kwa kuwa mafuta yalikuwa ya shida na pikipiki hunywa kidogo kuliko gari. Mimi nilipanga chupa za chanjo na barafu kwenye kisanduku, yeye alikifunga nyuma ya kiti, akaondoka.

Njia ya Endulen hupanda msituni hadi ukingo wa kreta, na kule juu ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana. Nyati hupenda barabara ile kwa sababu ni mahali pa kutembea bila kusumbuliwa na miti. Piusi alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kila kona asiyoona mbele yake, aliachia mafuta, akakaza, akaachia tena. Bomba likakohoa mara mbili. Nyati akisikia hivyo hujitoa mwenyewe, hana haja ya kushindana na kitu asichokijua. Na alipoanza kushuka upande wa Endulen alikohoa tena, mfululizo, ili akina mama wa Kimasai kwenye maboma wasikie. Wakisikia walichukua watoto wakaenda kwenye josho, pale mifugo inapoogeshwa, na mpaka Piusi afike mstari ulikuwa tayari. Barafu haikupata muda wa kuyeyuka. Hakuna aliyepanga mambo hayo kwa maandishi. Yalijipanga kwa sababu ya mlio.

Aliyechoka na mlio alikuwa Josephati. Nyumba yetu iko jirani na kigango, na Piusi alikuwa na tabia ya kurudi Jumapili wakati wa ibada.

"Piusi, mdogo wangu," Josephati alimwambia siku moja mbele yangu, "leo nimesoma Injili mara mbili. Mara ya kwanza umeisoma wewe na pikipiki yako."

"Katekista, Mungu anasikia tu."

"Mungu anasikia. Waumini je? Bibi Leonida anadhani Yesu aliingia Yerusalemu kwa trekta."

Tulicheka wote. Lakini Josephati hakuishia kwenye utani. Alikuwa na rafiki Arusha, na rafiki huyo akapata sailensa mpya kabisa, iliyotengenezwa Ulaya kwa ajili ya pikipiki za namna ile, inang'aa, bado imo kwenye karatasi. Josephati aliileta. Wakabadilishana: Piusi akachukua sailensa, kigango kikachukua bomba liwe kengele. Sote tulifurahi. Majirani walikuja kuangalia pikipiki inavyopita kimya kama baiskeli, wakasema sasa Piusi amekuwa mtu wa ofisini. Mama alisema amepumzika masikio. Hata mimi niliisifu.

Mwezi wa tatu mwaka 1982, mvua zilipoanza, Piusi aliondoka asubuhi na kisanduku cha chanjo, na jioni aliletwa kwa gari la watu wa mbao.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na kijana hujitenga. Hatuazimi moto wala jembe, ng'ombe wetu hawachangamani na wa jirani, na vitu vya marehemu havitoki bomani hadi wazee waje kutusafisha. Sisi ni Wakatoliki, na padri anajua, na hulinyamazia. Nikaacha kwenda kazini. Pikipiki ilikuwa imesimamishwa nyuma ya zizi, matope yamekauka juu yake, sailensa ya Ulaya imepondwa bapa kama ulimi.

"Wakishatusafisha," Mama alisema, "chuma kile kitupwe korongoni. Kisinirudie mlangoni."

 

Kisha alikuja Koinet. Alikuwa askari wa geti la kuingilia hifadhi, Mmasai wa Endulen, na ndiye aliyemkuta kaka yangu barabarani. Alijua mila yetu, hakuingia. Alisimama nje ya uzio wa minyaa, mimi na Mama tukasimama ndani, tukazungumza hivyo.

"Mama, pole sana," alisema. "Nimechelewa kuja. Nilikuwa sijui nitasema nini."

"Sema ulichokiona," Mama alimwambia.

Koinet aliangalia chini. "Ilikuwa kona ya juu, ile yenye ukuta wa mlima. Ukungu ulikuwa mzito, mtu huoni mkono wako. Nyati alikuwa dume, mzee, wa kukaa peke yake. Nimesoma nyayo zake, Mama. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, ametulia. Nyati mwenye habari hatulii hivyo. Hakumsikia."

"Piusi hakukohoa?" niliuliza.

"Kwa nini asikohoe? Mkono umezoea. Naamini alifanya vilevile kama siku zote, mkono ukaachia mafuta, ukakaza, ukaachia. Lakini pikipiki haikuwa na sauti ya kutoa. Zamani nilikuwa nikimsikia kabla hajafika kwenye miti, nafungua geti mapema. Siku ile alisimama mbele yangu akapiga honi ndipo nikamwona."

Mama alishika uzio, akauachia. 

"Na huko nyumbani kwako?" nilimuuliza Koinet.

"Surua imeingia. Maboma mawili ya upande wa juu wameshazika. Mke wangu Nosim yuko huko na watoto, wa mwisho hajachanjwa. Gari halipatikani. Nimewaambia Piusi amefariki, wamesikia, wamelia, halafu wananiuliza Piusi anakuja lini." Alitikisa kichwa. "Wanasikiliza tu mlima."

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya zizi. Nilichukua maji na tambara nikaanza kutoa matope kwenye pikipiki. Mama alinikuta nikisugua.

"Unafanya nini?"

"Naangalia kama inaweza kupona."

"Apande nani?"

"Mimi. Alinifundisha kwenye barabara za shamba, Mama, unajua. Chanjo zipo kwenye friji la zahanati. Na kuchoma sindano ndiyo kazi yangu."

"Ikuue na wewe?"

"Haikumuua pikipiki. Kilichomuua ni ukimya."

Mama aligeuka, akaenda kukamua.

Siku iliyofuata nilimwita Ismaili naye akaja mpaka kwenye uzio. Nilimweleza. Aliitazama pikipiki kwa mbali, akahesabu kwa macho: foku inayoshika gurudumu la mbele imepinda, taa imekufa, usukani unanyooka. "Hivyo vyote naviweza, dada Valeria. Mkishasafishwa niletee. Na ekzosi usihangaike, ninayo sailensa ya Honda, nzuri, nitaiunganisha. Utapita kama paka."

"Piusi alipita kama paka."

Ismaili aliitazama tena sailensa iliyopondwa.

"Nataka bomba la kwanza," nilisema. "Nitengenezee jingine kama lile."

"Kwa kitu gani? Ile mashine ya kahawa wameshaiuza chuma chakavu. Bomba la unene ule silijui lilipo tena, ila moja." Akaelekeza kidevu upande wa kigango.

Josephati alikuwa akija kila jioni kusali nasi kutoka nje ya uzio. Jioni ile alisali, akafanya ishara ya msalaba, na kabla hajavaa kofia nikamwomba bomba. Uso wake ulibadilika.

"Valeria, kitu kilichotolewa kanisani hakirudishwi. Wewe umesoma, unalijua hilo."

"Ninaloomba nalijua pia. Watoto wa Endulen wanakufa kwa surua."

"Basi wekeni sailensa nyingine. Lazima iwe hiyo kengele? Watu watakusanyikaje?"

"Watu wa hapa wanajua Jumapili ni lini, Katekista. Nyati hawajui."

"Sitatoa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya juu kuliko ilivyohitajika. "Nikilitoa, watu watasema nini? Watasema kumbe..." Hakumaliza.

Ndipo Mama akatoka jikoni. Sikujua kama alikuwa akisikiliza. Alikuja polepole mpaka kwenye uzio, shuka nyeusi mabegani.

"Josephati, wazee wanakuja Alhamisi."

"Ndiyo, Mama Piusi. Nimesikia."

"Kila kitu cha mwanangu lazima kiwe ndani ya boma siku hiyo. Shuka yake ipo. Fimbo ipo. Viatu vipo, pikipiki ipo. Bomba halipo."

"Lakini Mama, lile si lake tena. Tulibadilishana."

"Ulimpa nini?"

"Sailensa."

"Sailensa imekanyagwa na nyati, iko pale nyuma ya zizi. Ichukue sasa hivi kama unaitaka." Mama hakupandisha sauti. "Bomba likibaki nje, sisi tutakuwa hatujasafishwa. Na wewe kila Jumapili utakuwa unapiga kitu cha msiba uwaite watu waje kusali. Wewe ni mtu wa hapa. Niambie ni nani atakuja."

Josephati alikuwa mtu wa hapa. Alisimama pale, kofia mkononi, macho yakamjaa machozi.

"Mama Piusi, mimi ndiye niliyempa ile ya kimya."

"Sikukuuliza hilo," Mama alisema. "Nimekuuliza bomba."

Jumatano bomba lilikuja. Josephati alilibeba mwenyewe begani, amelifunga gunia, akalipitisha juu ya uzio nami nikalipokea. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka. Mahali alipozoea kulipiga kwa boliti palikuwa pamebonyea na kung'aa.

Alhamisi wazee walikuja. Tulinyolewa, moto wa zamani ukazimwa, ukawashwa mpya. Vitu vya Piusi vilitandazwa uani, na mzee mmoja akaanza kuuliza kimoja kimoja kinakwenda kwa nani. Shuka ilikwenda kwa mjomba. Fimbo kwa mtoto wa mjomba. Alipofika kwenye pikipiki, na bomba limelazwa kando yake kama mtoto wake, alisita.

"Na chuma hiki?"

Nilimwangalia Mama. Sikuwa na uhakika. Korongo lilikuwa bado liko palepale.

"Ni cha Valeria," Mama alisema. "Kina kazi."

Kwa Ismaili pikipiki ilikaa siku chache ambazo mimi niliziona nyingi. Alinyoosha foku. Bomba alilijaza mchanga tena, kama mara ya kwanza, akalipasha na kugonga sehemu zilizobonyea, moja baada ya nyingine. Kwenye mkunjo palikuwa na ufa, akakata kiraka kwenye jembe bovu la trekta akakichomelea. Alama za boliti hakuzitoa zote.

"Nikizilazimisha litapasuka," alisema. "Zibaki. Ni historia."

Tulipoiwasha mara ya kwanza nilikata tamaa. Ilinguruma, ikarusha mlipuko kama bunduki, ikazima. Kuku wa Ismaili walipotea. Nikapiga kiki tena, ikafanya vilevile.

"Siyo bomba," Ismaili alisema, amechuchumaa kwenye kabureta. "Injini ilizoeshwa kubanwa na ile sailensa, mafuta yakapunguzwa. Sasa koo limefunguka, inavuta hewa nyingi haina cha kuchoma. Ngoja tuinyweshe." Alifungua, akapandisha sindano ya mafuta kidogo, akafunga. "Piga."

Nikapiga. Ikashika. Nikakaza mafuta, nikaachia.

Kuh, kuh.

Sikulia mazishini. Pale nililia, na Ismaili akajifanya anatafuta spana. Mama aliniambia baadaye kwamba aliisikia akiwa shambani anapalilia maharage, akakaa chini palepale kwenye tuta.

Asubuhi iliyofuata nilichukua chanjo na barafu zahanati, nikaondoka. Kisanduku kilikuwa nyuma, nimekifunga kwa mipira ya Piusi, na koti lake nimevaa, mikono imekunjwa. Nilipofika getini nilikuta limeshafunguliwa. Koinet alisimama pembeni, ameshika kamba, anacheka na machozi.

"Nilikusikia toka kule kwenye miti!" alipiga kelele. "Pita! Pita usizime!"

Msitu ulinipokea kwa baridi. Ukungu ulianza nusu ya mlima, mwanzo kama moshi wa jikoni, halafu ukafunga kabisa. Niliona gurudumu la mbele na kipande kidogo cha udongo mwekundu.  Nilikwenda kwa gia ya pili. Kabla ya kila kona nikaachia, nikakaza, nikaachia. Kuh, kuh. Sauti iligonga ukuta wa mlima ikarudi.

Kona ya juu niliijua kwa maua ambayo watu wa mbao walikuwa wameyaweka, yamenyauka. Nilipunguza mwendo karibu kusimama. Nikakohoa. Kimya. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi, na mbele yangu ndani ya weupe kitu kikubwa kikakoroma. Nikasikia kwato, kisha matawi yakivunjika yakielekea bondeni, mbali, mbali zaidi. Sikumwona. Labda alikuwa yuleyule, labda mwingine. Nilisubiri mpaka matawi yakanyamaza ndipo nikapita, na nilipokuwa napita nilisema, "Kaka, njia iko wazi," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliyekaa nyuma yake.

Upande wa pili ukungu uliisha ghafla na nyanda zikafunguka, kijani, na jua. Nikaanza kushuka, na nikafanya alivyofanya, nikakohoa mfululizo mpaka masikio yakauma. Kwenye mabonde ya mbali niliona vitu vyekundu vikitoka kwenye maboma. Vilikuwa vidogo, kisha vikaungana, vikawa mistari. Wote walikuwa wakielekea kwenye josho.

Nilipofika walikuwa wamepanga mstari. Nilizima injini na kuvua kofia, na mama wa kwanza, kijana, mtoto amemfunga mgongoni, alinitazama kichwa changu kilichonyolewa.

"Wewe si Piusi," alisema kwa Kiswahili cha taratibu.

"Mimi ni dada yake. Valeria."

"Mimi Nosim. Tulijua hatakuja." Aligeuka akaliangalia bomba, linalia tik, tik, likipoa. "Lakini tulisikia. Tukasema twende tu, tukaone ni nani anayekohoa."

Nilifungua kisanduku. Barafu ilikuwa bado ina pembe. Mtoto wa Nosim alikuwa wa kwanza, alilia sana, na wengine kwenye mstari wakamcheka, kisha ikafika zamu yao.

Nilirudi Karatu jioni mapema, kabla ukungu haujashuka tena. Josephati alikuwa anajaribu kengele mpya. Alianza na sailensa iliyopondwa, akasema inatoa sauti ya mtu anayepiga gunia la mahindi, akaitupa akatundika sahani ya chuma ya plau la trekta. Aliponiona alivua kofia.

Nyumbani nilikaa kwenye kigoda nikakunja suruali. Nilikuwa nimesikia mguu ukiwaka njia nzima na sikutaka kusimama kuangalia. Kwenye shavu la mguu, upande wa kulia, ngozi ilikuwa imetoka, nyekundu, ndefu kama kidole. Mama alileta samli. Yeye ndiye aliyeosha mwili wa Piusi, na alilijua kovu lile kuliko mtu yeyote. Alinishika mguu akautazama mpaka nikadhani atasema ni basi, nisiende tena.

Akachovya kidole kwenye samli akaanza kupaka.

"Safari ijayo," alisema, "uvae gambuti."